Ukishalipa, ufunguo ni wa nani?

Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari uliotoka mwaka 2014. Watu waliokuwa wameununua, wengine wakiwa na diski yake kabatini, wakakuta hauchezeki tena, hata kwa yule aliyetaka tu kuendesha peke yake bila kushindana na yeyote. Muda mfupi baadaye leseni ya mchezo huo ikaanza kuondolewa kwenye akaunti zao. Kampuni ilikuwa na jibu lake tayari. Masharti ambayo kila mnunuzi aliyakubali kwa kubofya yalisema kwamba alichopata ni ruhusa ya kutumia, na mwenye kutoa ruhusa anaweza kuiondoa.

Hasira ya wachezaji ilizaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka sahihi milioni 1. Madai yao ni ya kiasi: kampuni ikichoka kuuhudumia mchezo iliouuza, iuache katika hali ya kuchezeka. Wengi walioiandika habari hii waliiweka kwenye kurasa za burudani, na nadhani hapo sipo mahali pake. Kilichowapata wachezaji kinaweza kumpata msomaji wa vitabu, mkulima mwenye trekta, shirika la reli, hata mgonjwa aliyepandikizwa kifaa mwilini. Chanzo ni kimoja. Tumeruhusu sheria ifanye kitendo cha kufungua kufuli la kidijitali kuwa kosa lenyewe, hata pale kilichofungwa ni chako na unachotaka kukifanya nacho ni halali kabisa. Kosa hilo lifutwe, libaki kosa la kuvunja hakimiliki peke yake.

Suala la muuzaji anaishia wapi baada ya kuuza lilishaamuliwa zamani. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus. Mchapishaji alikuwa amechapa ndani ya kitabu tangazo kwamba bei yake ni dola 1, na kwamba duka litakaloshusha bei hiyo litahesabiwa limevunja hakimiliki. Akina Straus, wenye duka la Macy's, wakakiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema kwamba hakimiliki inampa mwenye nayo haki ya kuzidisha nakala na kuziuza; akishaiuza nakala kwa bei aliyoridhika nayo, hana tena mamlaka ya kuifuata huko iendako. Maktaba huazimisha kwa sababu ya kanuni hiyo. Maduka ya vitabu vilivyokwisha kutumika yanaishi kwa kanuni hiyo, na mzazi humrithisha mtoto rafu nzima bila kumwomba mchapishaji kibali.

Lile tangazo la Bobbs-Merrill halikufa. Limerudi likiitwa makubaliano ya leseni, na safari hii lina nguvu mbili ambazo mchapishaji wa 1908 hakuwa nazo: mashine inayoyatekeleza masharti yenyewe, na sheria ya jinai inayoilinda mashine hiyo.

Tuanze na mashine. Faili ya kitabu, filamu au mchezo husimbwa kwa njia fiche, kisha kifaa chako hupewa ufunguo wa kuisimbua kila unapotaka kuitumia. Taabu iko hapa: elimu ya usimbaji ilibuniwa kwa ajili ya watu wawili wanaotaka kumficha mtu wa tatu siri yao. Katika kufuli la kidijitali, anayetumiwa ujumbe na anayefichwa ni mtu mmoja, yaani wewe mnunuzi. Umepewa faili, umepewa kifaa, na ufunguo umo humo humo. Ni kama kuuziwa sanduku lililofungwa huku ufunguo wake umeshonewa kwenye bitana ya koti ulilovaa. Mwenye ujuzi na subira ataupata. Ulinzi wa diski za DVD ulivunjwa mwaka 1999 kwa programu ya DeCSS, na mmoja wa waliohusika, Jon Lech Johansen wa Norway, alikuwa na umri wa miaka 15. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama za nchini kwake zikamwachia huru mara mbili. Diski zilikuwa zimenunuliwa kihalali, na mtu haingii nyumbani kwake kwa kuvunja.

Wenye viwanda vya burudani walijua kwamba hisabati haitawasaidia. Wakageukia mabunge. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, wa Desemba 1996 uliyataka mataifa yaweke ulinzi wa kisheria dhidi ya kuvunja makufuli ya namna hii. Marekani ikafuata kwa DMCA, sheria yake ya hakimiliki ya kidijitali ya mwaka 1998, na Umoja wa Ulaya ukatoa agizo lake mwaka 2001. Jambo ambalo watetezi wa sheria hizi hawapendi kulitaja ni kwamba mkataba wenyewe uliacha nafasi: unazungumzia makufuli yanayozuia vitendo ambavyo mwandishi hakuviruhusu na sheria haikuviruhusu. Kitendo kinachoruhusiwa na sheria kingeweza kuachwa nje kabisa. Marekani iliamua vingine. Kifungu cha 1201 cha sheria yao kinalifanya tendo la kulipita kufuli kuwa kosa peke yake, na kinakwenda mbali zaidi kwa kukataza kutengeneza au kusambaza zana ya kulipita. Anayefanya hivyo kwa makusudi ili apate faida anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa hadi dola 500,000 kwa kosa la kwanza.

Walioonja sheria hiyo mapema hawakuwa maharamia. Julai 2001 Dmitry Sklyarov, mtaalamu wa programu kutoka Urusi, alikamatwa Las Vegas baada ya kutoa mada kwenye mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta. Mwajiri wake, kampuni ya ElcomSoft ya Moscow, alikuwa akiuza programu ya kufungua vitabu pepe vya mfumo wa Adobe. Adobe yenyewe ilipoona maandamano ikaacha kuunga mkono mashtaka, na mwishoni mwa 2002 baraza la wazee wa mahakama likaiona ElcomSoft haina hatia. Mwaka huohuo wa 2001 Edward Felten, profesa wa Princeton, aliondoa makala yake ya kitaaluma kwenye mkutano baada ya kupokea barua ya vitisho vya kisheria. Makala ilieleza udhaifu wa teknolojia ya kulinda muziki, teknolojia ambayo sekta ya muziki yenyewe ilikuwa imewaalika watu waijaribu. Aliiwasilisha miezi michache baadaye, lakini fikiria mtafiti asiye na chuo kikubwa nyuma yake. Huyo ananyamaza, na udhaifu alioujua unabaki kwenye vifaa vya watu.

Kisha kufuli likatoka kwenye muziki na filamu. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu sheria iliyopitishwa kwa jina la wasanii ikaanza kulinda biashara ya wino. Lexmark, watengenezaji wa printa, waliweka chipu kwenye katriji zao, na kampuni ya Static Control ilipotengeneza chipu ya kufanana nayo, ikashtakiwa kwa kuvunja DMCA. Chamberlain, watengenezaji wa milango ya gereji, wakawashtaki Skylink kwa kuuza rimoti inayofungua milango hiyo. Mwaka 2004 mahakama za rufaa za Marekani zilizikataa hoja zote mbili. Ningefurahi kusema kwamba jambo likaishia hapo. Wanasheria wa makampuni walisoma hukumu, wakaelewa zilipopwaya, na leo karibu kila kitu chenye programu ndani yake kinaweza kuwekewa kufuli ambalo sheria inalitambua: trekta, kiti cha magurudumu chenye mota, mashine ya hospitali. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuwapa wakulima haki ya kutengeneza mashine zao, na Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ikaishtaki Deere & Company kwa kuwabana wakulima katika matengenezo. Kwamba serikali inalazimika kwenda mahakamani ili mwenye trekta aweze kuitengeneza trekta yake, hiyo peke yake yatosha kuonyesha tulipofika.

Kesi ya treni za Poland inastahili kuangaliwa kwa karibu. Treni za aina ya Impuls, zilizotengenezwa na kampuni ya Newag, zilipelekwa kwa matengenezo makubwa kwenye karakana huru iliyoshinda zabuni. Mafundi wakafanya kazi yote kwa kufuata vitabu vya mtengenezaji, lakini treni hazikuwaka. Karakana ikawaita wataalamu wa kikundi cha Dragon Sector, wakachambua programu ya kompyuta ya treni. Desemba 2023, mjini Hamburg, wakaeleza hadharani walichokiona: maagizo ya kuifunga treni ikikaa bila kwenda kwa siku kadhaa, na katika baadhi ya treni, alama za mahali kwenye ramani zilizoangukia kwenye karakana za washindani wa mtengenezaji. Newag imekana kuweka maagizo hayo na imewapeleka wataalamu hao mahakamani, miongoni mwa madai yake ikiwa ni hakimiliki. Mahakama zitaamua nani aliandika nini. Kwangu swali la sera linajibika hata kabla ya hukumu. Shirika la reli la umma limenunua treni kwa fedha za walipa kodi, abiria wanasubiri, na watu pekee walioweza kueleza kwa nini treni haiendi wanajitetea kwa kosa la kuisoma programu yake.

Watetezi wa sheria husema kuna nafuu: kila baada ya miaka 3, Mkutubi wa Maktaba ya Bunge la Marekani hutoa misamaha kwa matumizi halali, na orodha yake imekuwa ikirefuka. Ni kweli, na watu wamepigania kila mstari wa orodha hiyo. Lakini tazama ulivyosukwa. Msamaha unakuruhusu wewe kulipita kufuli. Haumruhusu mwingine kukutengenezea zana ya kulipita. Mkulima anaambiwa yuko huru kufungua kompyuta ya trekta mradi aandike programu ya kuifungulia mwenyewe. Na kilichotolewa kwa miaka 3 hunyang'anywa kirahisi. Mwaka 2012 msamaha wa kufungua simu ili zitumie mtandao mwingine haukuhuishwa, na kuanzia Januari 2013 kufungua simu mpya bila idhini ya mtandao uliokuuzia kukawa kosa. Ilibidi zaidi ya watu 100,000 watie sahihi kwenye ombi kwa Ikulu, na bunge zima likae, ndipo sheria ya Agosti 2014 ikarudisha ruhusa hiyo. Bunge zima, kwa ajili ya kubadilisha laini ya simu.

Kwa vitabu nitapita haraka, maana mifano yake inajulikana. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka vifaa vya Kindle vya wasomaji waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Ilirudisha fedha, na Jeff Bezos akaomba radhi. Mwanafunzi mmoja alipoteza pia maelezo aliyokuwa ameyaandika pembeni mwa kurasa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe, vitabu vyote vikaacha kufunguka, na wasomaji wakarudishiwa fedha. Kurudishiwa fedha ni uungwana, lakini hakuna muuza vitabu aliyewahi kuwa na haki ya kuingia nyumbani kwa mtu, kuchukua kitabu na kuacha noti mezani. Kwa maktaba hali ni ngumu zaidi: mwaka 2011 HarperCollins iliweka kikomo cha kuazimisha kitabu pepe mara 26, kisha maktaba inunue leseni upya. Ulaya nako mahakama imejikuta ikisema mambo mawili. Mwaka 2012, katika kesi ya UsedSoft, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba programu iliyopakuliwa kwa leseni isiyo na kikomo imeuzwa na inaweza kuuzwa tena. Mwaka 2019, katika kesi ya Tom Kabinet, mahakama hiyohiyo ikakataa jambo hilo kwa vitabu pepe. Nimezisoma sababu zake na bado sioni kwa nini msomaji wa kitabu awe na haki pungufu kuliko mtumiaji wa programu ya uhasibu.

Hoja ya uharamia ni nzito na sitaki kuikwepa. Mwandishi na msanii wana haki ya kula jasho lao, na kunakili kazi zao na kuzimwaga mtandaoni ni kuwadhulumu. Ila kunakili huko kulikuwa kosa kabla ya 1998 na kungebaki kosa hata kifungu cha 1201 kikifutwa kesho. Kinachobishaniwa ni kama kufuli linamzuia haramia. Haramia hununua nakala moja, huivunja mara moja, na maelfu wanaomfuata hupata faili isiyo na kufuli lolote. Anayebaki na kufuli ni yule aliyelipa. Sekta ya muziki iliona hivyo: Januari 2009 Apple ilitangaza kwamba nyimbo zote za iTunes zitauzwa bila kufuli, na lebo kubwa zilikuwa zimekubali. Tor Books, wachapishaji wa hadithi za kubuni za kisayansi, waliondoa makufuli kwenye vitabu pepe vyao mwaka 2012, na mwaka mmoja baadaye tawi lao la Uingereza likasema halikuona ongezeko la uharamia. Sisemi kila mtu atapata matokeo hayo. Nasema walioacha kufuli hawakufilisika kwa kuliacha, na walioling'ang'ania hawajaonyesha lilichookoa.

Sipingi pia kukodi. Anayelipa kila mwezi kusikiliza muziki anajua akiacha kulipa muziki unakatika, na hakuna aliyemdanganya. Ubaya ni kukodisha kwa bei ya kuuza. California ilijaribu kulitibu hilo kwa sheria ya AB 2426, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomlazimu muuzaji wa bidhaa za kidijitali aeleze waziwazi kwamba anachotoa ni leseni, isipokuwa kama mnunuzi anaweza kupakua nakala na kubaki nayo bila kutegemea mtandao. Naipokea kwa nusu ya moyo. Inamwambia mtu ukweli kabla ya kutoa fedha, na hilo lina thamani yake. Lakini wauzaji wakiandika wote sentensi ileile chini ya kitufe, mnunuzi aliyearifiwa hana pa kwenda, na haki aliyoipoteza haijarudi.

Dawa ninayoiona imo tayari kwenye kumbukumbu za bunge la Marekani. Mwaka 2013 Zoe Lofgren, mbunge wa California, aliwasilisha muswada ambao ungeifanya kulipita kufuli kuwa kosa pale tu linapopitwa ili kuvunja hakimiliki, na ungeruhusu zana zake kwa matumizi mengine yote. Haukupita. Ungekuwa sheria, mwalimu angekata kipande cha filamu cha kufundishia, kipofu angesomewa kitabu na programu anayoitaka, fundi angeitengeneza treni, na muuza nakala haramu angeshtakiwa vilevile kama zamani.

Wapo watakaosema tungoje, soko litajirekebisha. Wasome yaliyowapata watumiaji wa Argus II. Hicho kilikuwa kifaa cha kampuni ya Second Sight kwa watu waliopofuka kwa ugonjwa wa retina: kamera kwenye miwani, kompyuta ndogo ya kubeba, na elektrodi 60 zilizopandikizwa ndani ya jicho. Zaidi ya watu 350 duniani walipandikizwa. Kampuni iliacha kukitengeneza, na mwaka 2020 ikaachisha kazi sehemu kubwa ya wafanyakazi wake, ikikaribia kufilisika. Watumiaji wakabaki na vifaa visivyo na vipuri, visivyo na programu mpya, vingine vikizimika moja kwa moja, huku mabaki yake yangali machoni mwao na kuyatoa ni upasuaji mwingine. Karen Sandler, mwanasheria anayetetea programu huria, ameeleza kwa miaka mingi jinsi alivyoomba kuona msimbo, yaani maandishi ya programu, wa kifaa cha kustua moyo kilichomo kifuani mwake na kukataliwa. Alipokuwa mjamzito kikampiga shoti bila haja, kwa kuwa kilisoma vibaya mapigo ya kawaida ya mama mjamzito. Hawa hawana soko la kuhamia. Hawawezi kutupa bidhaa na kununua ya mshindani.

Nao ulinzi wa kuwafaa umeshabuniwa, tena na makampuni yenyewe. Shirika kubwa linaponunua programu ya kuendeshea shughuli zake, mara nyingi hudai msimbo wake ukabidhiwe kwa mtu wa tatu, utolewe kwa mnunuzi iwapo mwenye programu atafilisika au kuacha kuihudumia. Sharti hilo linaweza kuandikwa ndani ya kibali cha kuuza kifaa chochote cha kupandikizwa: pasiwe na idhini mpaka msimbo, michoro na funguo vimewekwa amana, na sheria itamke kwamba daktari au fundi atakayevitumia baada ya kampuni kuondoka hana kosa la kufungua kufuli. Kwa michezo na vitabu naweza kukubali mazungumzo ya miaka kadhaa. Kwa kifaa kilichoshonwa ndani ya mwili wa mtu sioni cha kusubiri, na mamlaka zinazotoa vibali hivyo zinaweza kuanza na maombi yaliyo mezani mwao sasa hivi.